Kisu Chetu Hunolewa kwa Nani?

Nataka kujibu swali la mzee mmoja, nami nalijibu mbele yenu wote kwa sababu najua si yeye peke yake aliye nalo. Jumapili moja, hapa Soweto mjini Mbeya, tulisimama nje ya kanisa baada ya ibada tukizungumza habari ya mchango. Kijana mmoja niliyemfundisha hesabu zamani sasa ni daktari, naye anajifunza kazi ya upasuaji. Alikuwa ameliandikia baraza la wazee barua ya kuomba fedha, si za karo wala za nguo, bali za uchunguzi. Alitaka kuwafuata majumbani mwao watu waliovunjika mapaja katika ajali za barabarani, wakatibiwa, wakaruhusiwa, wasionekane tena hospitalini. Apate kujua ni wangapi watembeao sawasawa, ni wangapi waliobaki vilema, na kwa sababu gani. Aliomba nauli za kufika Chunya, Kyela, Ileje na Makete, fedha za simu, na ujira wa mtu mmoja wa kumsaidia kuandika.

Mzee aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja, akaniuliza: “Mwalimu, hospitali imejaa wagonjwa. Huyu ataka tumlipe ili awaache wagonjwa, aende kuwaamkia waliokwisha kupona?” Watu wakacheka. Nami, niseme kweli, nilicheka pamoja nao, kwa kuwa sikuwa na jibu. Barua ikarudi kwa mwenyewe bila hata shilingi moja. Tangu siku ile nimelitafuta jibu, na leo nasema waziwazi: mzee alikosea, nasi tuliocheka tulikosea zaidi yake.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Wengi wetu tukisikia habari ya ufadhili kwa daktari, twaona mara moja ndege, koti zito, na picha iliyopigwa penye theluji. Twadhani ni safari ya kwenda Ulaya kuchukua elimu na kuirudisha sandukuni. Ufadhili wa kujifunza kazi upo, nao ni mwema. Katika miaka hii Serikali imekuwa ikiwasomesha madaktari bingwa kwa mpango wenye jina la Rais Samia Suluhu Hassan, na kila mwenye akili hushukuru. Lakini ufadhili wa utafiti ni jambo jingine. Huo ni kumpa mpasuaji, au kijana anayejifunza upasuaji, muda na nauli na kalamu ili aulize swali ambalo hakuna kitabu kilicholijibu, na alijibu kwa kuhesabu mambo ya kweli. Mara nyingi safari yake haivuki bahari. Inavuka mto Songwe au Ruaha, basi.

Mimi ni mwalimu, na nitatumia mfano wa kazi yangu. Mwalimu afundishaye mwaka mzima, asisahihishe daftari hata moja wala asitoe mtihani, atajuaje kama watoto wameelewa? Atasema, “Nimefundisha vizuri,” na pengine ni kweli, na pengine nusu ya darasa hawajui kugawanya. Wakaguzi wakimkuta hali hiyo watamwandikia barua kali, na wazazi watamlaumu. Basi mpasuaji ambaye mgonjwa wake akitoka mlangoni hamwoni tena, ni sawa na mwalimu yule. Amefunga mfupa, ameshona tumbo, lakini mtihani wa kazi yake u nyumbani kwa mgonjwa, katika shamba analolima au asiloweza tena kulima. Kijana wetu hakuomba fedha za kuwaamkia waliopona. Aliomba fedha za kusahihisha daftari.

Tena tusidhani kwamba wote walioruhusiwa wamepona. Soweto yetu imekaa kando ya barabara kuu iendayo Zambia, na kila mkazi wake amewahi kuona bodaboda iliyolala chini na watu wamezunguka. Aliyevunjika paja huenda alitibiwa kwa kuvutwa mguu kwa uzito, akilala wiki nyingi kitandani. Au alitiwa chuma ndani ya mfupa, asimame mapema. Kisha huambiwa arudi baada ya muda kutazamwa. Lakini nauli ya kutoka kijijini kwa mtu na msindikizaji wake ni gunia la mahindi, naye mwenye kulima amelala. Harudi. Anayerudi ni yule mwenye fedha au mwenye maumivu makuu. Kwa hiyo daktari huwaona wawili hao tu, na kwa hao hawezi kujua habari za wote. Hili ndilo swali la kijana, na ni swali letu sisi tulio na mapaja ya kuvunjika.

Nawapa sasa mambo yaliyokwisha kutendeka, ili msiseme kwamba nasema ndoto.

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa na madaktari wa Afrika wenyewe katika hospitali 247 za nchi 25 za bara hili. Waliwahesabu wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika muda wa wiki moja kwa kila hospitali. Waliona kwamba wagonjwa wetu ni vijana kuliko wale wa nchi tajiri, na magonjwa mengine waliyo nayo ni machache, na hata hivyo hufa baada ya kupasuliwa mara mbili kuliko wastani wa dunia. Sikilizeni jambo kubwa zaidi: katika kila kumi waliokufa, tisa na zaidi hawakufa siku ya kupasuliwa. Walikufa katika siku zilizofuata, wodini. Sisi vijijini siku zote tumekiogopa kisu. Kumbe chumba cha kupasulia si mahali pa hatari kuu. Hatari ni usiku ule wa pili na wa tatu, wakati muuguzi mmoja anapotazama vitanda vingi. Nani angalijua kama watu wasingalihesabu? Tungaliendelea kununua taa za chumba cha kupasulia, huku ndugu zetu wakifa katika chumba cha pili.

Tazameni na jambo la ngiri, ugonjwa ambao wanaume wengi wa vijijini huuficha kwa haya mpaka unawaangusha shambani. Wapasuaji wa nchi tajiri huiziba kwa kipande cha wavu maalumu kinachotengenezwa viwandani, nacho ni ghali kuliko uwezo wetu. Daktari mmoja wa upasuaji wa mji mdogo wa India alianza kutumia kitambaa cha namna ile ya chandarua cha mbu, kilichotakaswa vema. Wengi waliguna. Basi wachunguzi wa Uganda na Sweden wakalijaribu jambo hilo kwa haki katika wilaya ya Kamuli, mashariki ya Uganda, penye hospitali ya misheni. Walichukua wanaume 302, wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakashonewa wavu wa ghali, wengine ule wa bei ndogo, kisha wakawafuata mwaka mzima. Matokeo yalitolewa mwaka 2016: hapakuwa na tofauti ya kutajika kati ya makundi hayo mawili. Tafadhali asiwepo mtu wa kukata chandarua chake na kukipeleka hospitali! Neno ninalotaka mlione ni hili: kitambaa kilikuwepo, ngiri zilikuwepo, hospitali ilikuwepo. Kilichokosekana miaka yote ni mtu aliyepewa muda na fedha za kuuliza na kufuata.

Na hapa Tanzania? Tangu miaka ya 1960 madaktari wasaidizi, wasio na shahada ya udaktari, wamekuwa wakipasua katika hospitali za wilaya, na mama wengi wamejifungua salama mikononi mwao. Watu wakubwa wa nje walitia shaka: mtu asiye na shahada apewe kisu? Maneno yalikuwa mengi. Mwaka 2009 yakatolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mikoa ya Mwanza na Kigoma, ambako wasaidizi hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi. Hesabu ikaonyesha kwamba mama na watoto waliopasuliwa nao hawakupata madhara zaidi kuliko waliopasuliwa na madaktari wenye shahada. Maneno ya miaka mingi yalijibiwa kwa daftari la hesabu.

Mwisho nitamtaja Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland, mtu wa sala, aliyefanya kazi Uganda. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba mataya pande zote. Baadaye kidogo, akiwa Jinja, akamwona mwingine wa namna ileile. Mpasuaji mwingine angaliandika jina la uvimbe na kuendelea na kazi yake. Yeye aliuliza: watoto hawa watoka wapi, na kwa nini huko? Akapeleka barua na picha kwa hospitali nyingi za Afrika, zikiwemo za misheni. Mwaka 1961, katika miezi ileile Tanganyika ilipokuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu lililonunuliwa kwa paundi 250, wakaenda kwa wiki kumi kutoka Kampala mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, wakiingia katika hospitali zaidi ya 50. Waliona kwamba ugonjwa ule hufuata nchi za joto na mvua, na katika nyanda za juu zenye baridi kama hizi zetu ni adimu. Ramani ile iliwafanya wataalamu wafikiri habari za mbu na malaria. Na mwaka 1964, wachunguzi wa London waliopelekewa vipande vya uvimbe kutoka Uganda walivikuta ndani yake virusi, navyo vilikuwa vya kwanza kujulikana kuwa huleta saratani kwa binadamu. Hayo yote yalianza kwa mpasuaji mmoja, maswali mawili, na gari la paundi 250.

Nalimsifu Burkitt, wala sipunguzi sifa yake. Lakini nauliza: wauguzi na wasaidizi Waafrika waliowabeba watoto wale, waliojua vijiji vyao na lugha za mama zao, je, hapakuwa na hata mmoja kati yao mwenye swali kichwani? Yamkini walikuwepo wengi. Hawakuwa na mtu wa kuwapa muda wala gari. Na mpaka leo, katika kila jambo nililolitaja, chunguza fedha zilitoka wapi, nawe utaona kwamba nyingi zilivuka bahari.

Hapo ndipo nakumbuka habari iliyo katika Samweli wa Kwanza, sura ya kumi na tatu. Katika nchi yote ya Israeli hapakuwa na mfua chuma, kwa kuwa Wafilisti hawakutaka Waebrania wajitengenezee silaha. Basi kila mtu aliyetaka kunoa jembe au shoka hakuwa na budi kushuka kwa Wafilisti, na kulipa. Siku ya vita ikafika, na jeshi halikuwa na upanga ila kwa Sauli na mwanawe. Sisemi kwamba wafadhili wa ng'ambo ni Wafilisti. Wengi wao ni rafiki wa kweli, na wametutendea mema. Nasema hivi: anayenoa kwa jirani hunoa siku ambayo jirani anapenda, na chombo ambacho jirani anakijua. Mwenye fedha ndiye achaguaye swali. Hapa Mbeya kipo kituo cha Taifa cha utafiti wa magonjwa ya binadamu, kinachojulikana duniani kwa uchunguzi wa UKIMWI na kifua kikuu, kazi tukufu. Kituo hicho chatuonyesha kwamba akili na mikono ya utafiti ipo Nyanda za Juu Kusini. Lakini ni nani ng'ambo anayekosa usingizi kwa ajili ya paja la mkulima wa Makete? Swali hilo ni letu, na tusipolilipia sisi, litangoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Najua watakaonipinga, nami nitawajibu kwa heshima.

Wa kwanza atasema: hospitali haina glavu wala nyuzi za kushonea, kwanza tununue hizo. Nami namwuliza: mwaka wa njaa, nani kati yetu alikula mbegu yote? Tulilala njaa na kibuyu cha mbegu kikining'inia juu ya moshi. Tena, bila kuhesabu hujui kama kinachowaua watu ni kukosa glavu, au kuchelewa njiani, au usiku wa tatu wodini. Mwenye fedha kidogo ndiye hasa anayepaswa kujua pa kuziweka.

Wa pili atasema: tukimsomesha atakimbilia ng'ambo. Hofu hii niliiamini hata mimi. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 uliwafuata wapasuaji waliohitimu katika nchi zetu za Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika tangu 1974 mpaka 2013, ukaona kwamba 85 katika kila 100 walikuwa bado wakifanya kazi katika nchi walimofundishwa, na zaidi ya 90 walikuwa bado Afrika. Chuo cha Wapasuaji wa eneo hili, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, huwafundisha vijana wakiwa kazini katika hospitali za kwao. Na kijana ambaye swali lake liko Chunya hawezi kulijibu akiwa London. Ufadhili wa namna hii humfunga mtu kwa nchi yake kuliko mkataba wowote.

Wa tatu atasema: kazi ya mpasuaji ni mikono, si kalamu. Huyo nimekwisha kumjibu kwa habari ya mwalimu na daftari.

Sasa nageuka kwenu, ninyi madaktari, kwa maana mzee wetu hakuwa na kosa lote. Kila anayesomea uzamili wa upasuaji katika vyuo vyetu hutakiwa kuandika tasnifu. Ziko wapi tasnifu hizo? Mwanafunzi asiye na fedha huchagua swali jepesi ambalo majibu yake yamo katika mafaili ya kabatini, huliandika kwa Kiingereza, hupata cheti, na kitabu hukaa rafuni. Wagonjwa waliohesabiwa humo hawasikii neno. Mliingia majumbani mwetu, mkauliza umri wetu, watoto wetu na mapato yetu, kisha mkaondoka kama mhesabu kodi. Mnashangaa watu wakicheka? Mtu akikopa jembe hulirudisha. Ninyi mlikopa habari zetu, na hamkuzirudisha.

Kwa hiyo natoa shauri, na nataka lizungumzwe katika mabaraza ya wazee, si lisomwe na kufungiwa vitumbua.

Kila usharika wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbeya mpaka Iringa, utenge shilingi 200,000 kwa mwaka. Sharika 50 zitapata shilingi milioni 10. Fedha hizo hazitalipa mshahara wa daktari, wala hatuziombi kwa hilo. Zitalipa nauli, simu, karatasi na msaidizi. Hospitali na Serikali zitoe sehemu yao, nayo ni kumpa kijana mmoja kila mwaka miezi michache nje ya zamu za usiku, na mtu wa kushika nafasi yake, na mkubwa mmoja mwenye ujuzi wa kumwongoza. Idhini ya kuchunguza watu ifuatwe kama sheria inavyotaka, kwa maana mgonjwa si kitu cha kuchezea. Swali lichaguliwe kwa kuwasikiliza wagonjwa na wauguzi, si madaktari peke yao. Na sharti la mwisho, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: kazi ikiisha, kijana arudi asimame mbele ya watu waliomchangia, aseme kwa Kiswahili alichokiona, hata kama alichokiona ni kwamba hospitali ilikosea. Asiyekubali sharti hili asipewe hata nauli ya kwenda Mwanjelwa.

Shilingi 200,000 si nyingi. Usharika ulionunua spika kubwa mwaka huu umetoa zaidi ya hizo, na jirani zake wanajua kwa masikio yao.

Nimemwandikia kijana wetu kumwomba radhi kwa kicheko changu. Alijibu kwa upole kwamba ameanza kwa fedha yake mwenyewe, kwa simu, siku za mapumziko, na kwamba watu wengi katika orodha yake hawapatikani kwa namba walizoziacha. Amewapata wachache tu. Mmoja wao, alisema, ni mwanamke muuza ndizi ambaye mguu wake uliunga ukiwa mfupi, naye hakuwahi kurudi hospitali kwa sababu alidhani ndivyo mguu uliovunjika unavyokuwa siku zote.

Mwanamke huyo ndiye jibu langu kwa mzee. Hakupona, alinyamaza tu, na sisi tulidhani kunyamaza ni kupona. Wako wangapi kama yeye kati ya Chunya na Makete? Mimi sijui, daktari hajui, na mzee hajui. Jumapili ijayo barua ya kijana itasomwa tena mbele ya baraza, kwa kuwa nimeiomba irudishwe mezani. Safari hii mimi sitacheka, nami nitakuwa wa kwanza kutia mkono mfukoni.

Mwalimu, Soweto, Mbeya